Sala ni Bora, Saa Kumi Jioni

Siwafichi, kwenye bweni la madrasa kichwa kilinivimba. Wenzangu walikuwa na akili, mimi nilikuwa na sauti. Nilifika pale nina miaka kumi na miwili, na mwezi haukuisha adhana ikawa yangu. Nikishika kipaza sauti, hata mpishi anaacha mwiko anasikiliza. Au ndivyo nilivyojidanganya. Huenda alikuwa anapumzisha mkono tu.

Mama peke yake ndiye hakuwahi kunisikia. Ni fundi cherehani, na kila siku ya wazazi ilimkuta na nguo za harusi ya watu. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwakilisha. Miaka miwili tukaonana likizo tu, na likizo mimi nilikuwa nalala. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri kwa kuvuta shuka, kisha godoro, kisha mguu.

Muhula ule akanipigia simu ya ofisini. "Mwanangu, safari hii nakuja, liwalo na liwe. Nataka nikusikie ukiadhini."

"Utanisikia, mama," nikajibu. Nusu ya maneno ilitoka kwa sauti yangu, nusu ikatoka kwa ya dume nisilolijua.

"Huyo mwanamume anayekukatiza ni nani?"

"Ustadhi," nikasema, nikakata simu. Mungu anisamehe.

Weee, hapo ndipo nilipoanza kuhangaika! Ustadhi wetu, tuliyemwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno lake la asubuhi na jioni, alikuwa na sheria moja: sauti ikianza kupasuka, kipaza sauti kinahama. Na wa kukipokea alikuwa Kijiko, rafiki yangu wa kitanda cha juu, aliyetembea na kijiko mfukoni mwa kanzu ili chakula kisimkute hajajiandaa.

Siku ya wazazi ilikuwa bado wiki mbili. Nikamdanganya ustadhi kwamba nina mafua, nikawa naadhini kwa chini chini. Kijiko, ambaye kwa haki angenichongea, akaniletea asali na tangawizi.

"Na usiongee kabisa," akasema. "Sauti ni kama sabuni, ukiitumia inaisha."

Siku tatu za mwisho nikawa bubu, adhana nikamwachia Kijiko kwa kisingizio kile kile cha mafua. Ustadhi akawaambia walimu wenzake kwamba hatimaye nimepata adabu.

Siku yenyewe ikafika, mama hakutokea asubuhi. Adhana ya adhuhuri nikamwachia tena Kijiko; sauti yangu naitunza, mama ataikuta alasiri. Nikala, nikajinyoosha kitandani kidogo tu. Jamani, mnajua "kidogo tu" ya mtu kama mimi.

"Amka! Wakati umeingia! Na mama yako nimemwona getini!" Kijiko akanitikisa.

Nje mawingu yalikuwa yametanda, kiza kiza. Maji ya udhu yalikuwa ya baridi. Nikakimbia macho nusu hadi msikitini, nikashika kipaza sauti, nikaanza. Sauti ikatoka, lakini ilikuwa nene, imetulia kwa namna isiyo yangu. Nikajikaza nikaendelea. Nilipofika "hayya alal-falaah" ikapasuka vipande viwili. Nikababaika, na ulimi ukashika njia uliyoizoea:

"Asswalaatu khayrun minan-naum!"

Sala ni bora kuliko usingizi. Maneno ya alfajiri, ya alfajiri peke yake. Saa kumi jioni, wazazi wamejaa uani na vikapu vyao, na aliyekuwa amelala ni mimi tu. Na kwa kuwa husemwa mara mbili, nikarudia.

Kicheko kilichopigwa uani nilikisikia hadi ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ustadhi akasogea, akanishika bega.

"Taratibu, kijana. Waliolala wameshaamka. Malizia."

Nikamalizia. Baada ya sala akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa kabati la kipaza sauti. Hakunifokea. Akasema tu kwamba sauti imekua, kesho ni zamu ya Kijiko. Nilitoka nje machozi yananilenga. Miaka miwili mama ameingoja, na hiki ndicho nilichompa.

Alikuwa amesimama karibu na geti, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alitoka kwenye cherehani moja kwa moja akasahau kuivua. Akaangalia kanzu aliyonishonea mwenyewe, iliyokuwa imepanda hadi ugokoni.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, nimekuaibisha."

"Marahaba. Ngoja kwanza nikwambie," akasema. "Nilifika hapa getini nikategea sikio. Nikasikia mwanamume anaadhini. Nikamwambia mama mmoja tuliyesimama naye, huyo si wangu, wangu ni mtoto. Roho ikaniuma, nikasema basi, nimechelewa, wameshampa mwingine."

"Halafu?"

"Halafu huyo mwanamume akatuambia sala ni bora kuliko usingizi, saa kumi jioni." Akaanza kucheka, tepu inacheza shingoni. "Nikasema, Alhamdulillahi, huyo ni wangu!"

Nikacheka na mimi. Tukacheka mpaka nikagundua kwamba mwenzangu hacheki tena, analia, na anafuta machozi kwa ncha ya ile tepu.

"Hebu niite," akasema.

"Mama."

"Tena," akasema. "Niizoee."