Mikono Nyuma

Roboti ya shule yetu inaitwa Helmi, na Helmi ni mimi. Watoto waliipa jina langu mwezi wa kwanza, nilipowapelekea viazi na nyama ya kuoka kwenye karakana yao nyuma ya darasa la useremala. Walisema inaguna kabla ya kufanya kazi, na ikishaanza haizuiliki. Nilinuna siku mbili, halafu nikaanza kujisifu kwa wenzangu kanisani.

Aliyenivuta huko ni mjukuu wangu Kaisa. Nimemlea tangu mdogo, hapa hapa kwenye mji wetu wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, ambako watu huzungumzia hoki ya barafuni na mambo ya mgodini, basi. Yeye alikuwa na roboti tu. Miaka miwili mfululizo ndiye aliyekuwa dereva wa timu, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Alichotaka kilikuwa kimoja: kushika vile vishikio vya kuendeshea kwenye fainali mjini Duluth, ashinde, aipeleke timu kwenye mashindano makubwa ambayo haijawahi kufika. Tangu Septemba alikuwa akiwafundisha wanafunzi wapya kukaza skrubu na kuunga waya, akirudi nyumbani mikono inanuka grisi hata mezani.

Mchezo wenyewe hubadilika kila mwaka. Jumamosi moja ya Januari hutangazwa kwa timu zote kwa pamoja, na tangu hapo hakuna anayelala vizuri. Safari hii ilikuwa kuokota mipira mikubwa, kuirusha ndani ya pipa refu, kisha roboti ijining'inize kwenye bomba kabla muda haujaisha. Nje theluji ilifika madirishani. Ndani wanakata alumini, wanagombana juu ya mnyororo, wanafumua walichofunga jana. Mimi nimezeeka, nimeona watu wengi wakichapa kazi kwa sababu ya mshahara. Wale hawakuwa na mshahara, na sijaona kazi kama ile.

Februari, kama ilivyo desturi, Mwalimu Prebil, msimamizi wa timu, aliitisha majaribio ya udereva. Nafasi hiyo hugombewa upya kila mwaka, hata kama mwenye nayo ni bingwa. Akajitokeza Marnie Vukelich wa kidato cha kwanza, kitoto kinachotafuna mkono wa sweta yake, hata salamu kinaitoa kwa shida. Akaiendesha Helmi kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Kaisa akashindwa, tena vibaya.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na sisi watu wa asili ya Kifini Jumamosi bila sauna, kile chumba cha mvuke wa mawe ya moto, si Jumamosi. Tuliketi kwenye mvuke, mimi nikichemka kuliko yale mawe. Nikamwambia mwalimu amemwonea, na kwamba Jumatatu nitakwenda kumpa vidonge vyake.

"Hajanionea, Bibi," akasema. "Yule mtoto ni hatari. Mimi nafikiri kwanza, ndipo mkono unakwenda. Yeye mkono umeshafika."

"Na wewe sasa utafanya nini? Utawapikia viazi?"

"Viazi vina mwenyewe. Mwalimu ameniomba niwe kocha wa uwanjani. Nitasimama nyuma ya Marnie."

Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda, na sikuweza kujua kilichokuwa usoni mwake ni jasho au ni kitu kingine.

Sheria ya kocha wa uwanjani ni kali: aseme anavyotaka, lakini akigusa vishikio, timu inaadhibiwa. Kwa hiyo Kaisa alijizoesha kusimama amefunga mikono nyuma, karakana nzima ikimtania kwamba amekuwa mlinzi wa benki. Hivyo ndivyo alivyomnoa Marnie hadi theluji ikaanza kuyeyuka. Alimweleza hata makosa yake mwenyewe ya miaka iliyopita, ambayo mimi ningezikwa nayo.

Machi tukaenda Duluth. Uwanjani hucheza timu tatu upande mmoja na tatu upande wa pili, na sisi na wenzetu wawili tukapenya mpaka fainali. Bingwa ni atakayeshinda michezo miwili. Wa kwanza tukashinda. Wa pili Marnie akapania mno, akalivaa bomba, Helmi ikaanguka ubavu mbele ya umati wote, tukapigwa.

Nilikuwa kwenye kibanda chetu cha matengenezo na sahani ya mikate, nimevaa miwani ya plastiki ya kukinga macho juu ya miwani yangu, maana bila hiyo huingii. Watoto walikuwa wanakaza bolti. Marnie akaja, akavua beji ya udereva, akamnyooshea Kaisa.

"Chukua, dada. Mimi nitawaangusha tena."

Mwalimu Prebil akasema kabla ya mchezo kuanza inaruhusiwa kubadilishana, na kwamba hilo ni lao wawili. Kaisa akaitazama ile beji. Namjua mjukuu wangu. Aliitaka kama mwenye njaa anavyotaka mkate, nami sikuweza kunyamaza.

"Ichukue, mwanangu. Ni haki yako."

Akaniangalia, si kwa hasira. Kisha akairudisha beji shingoni mwa Marnie.

"Nikiichukua leo, mwakani ukianguka utamkimbilia nani? Umeanguka kwa sababu umeliingia bomba upande. Liendee moja kwa moja. Haya, kunywa maji, twende."

Nikaweka sahani chini.

Mchezo wa tatu ulianza vizuri, Helmi ikiokota na kurusha, wapinzani wakiwa sambamba nasi. Halafu mpira mmoja ukakwama chini ya mkono wake, ikawa haiwezi kuokota wala kuinuka. Marnie akaganda. Toka jukwaani nilimwona akigeuza kichwa, na Kaisa nyuma yake, mikono mgongoni, midomo tu ikienda. Marnie mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye alichoambiwa.

"Rudi nyuma ugonge ukuta, mpira utadondoka. Mimi ulinikwamia hivyo hivyo kwenye mchezo wa mwaka juzi, nikalia badala ya kurudi nyuma. Wewe rudi."

Helmi ikarudi, ikagonga, mpira ukadondoka. Kisha ikaliendea bomba moja kwa moja, ikalidaka, ikaguna, ikapanda. King'ora kilipolia ilikuwa inaning'inia juu. Tulishinda kwa pointi za bomba lile.

Desturi yao ni kwamba baada ya fainali timu zote hupita kwenye mstari zikigonganisha viganja, aliyeshinda na aliyeshindwa. Nikamwona Kaisa anagonga viganja vyao kwa ngumi, hafungui mkono. Nikadhani ni maringo, na maringo kwangu hapana. Nikashuka, nikamshika mkono, nikaufungua kwa nguvu.

Kiganjani mlikuwa na alama za kucha zake mwenyewe, zimezama, nyingine zinatoa damu. Nikaufungua na wa pili. Ulikuwa vile vile.

"Inauma?"

"Sana, Bibi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akalia.

Nikaibusu mikono ile, mmoja baada ya mwingine, mbele ya Duluth nzima, na ile miwani yao ya plastiki nilikuwa bado sijaivua.