Kijiti cha Msonobari

"Chukua, bwana, mkono unaniuma…"

"Sichukui. Wa kwako huyo."

"Umempiga wewe, nimekuona kwa macho yangu…"

"Umeniona nini? Hebu niambie, umeona nini?"

Wazee wawili, vichwa wazi kwenye umande, walikuwa wakibishana juu ya kulungu dume aliyelala chini ya misonobari. Mtu ambaye angewasikia kwa mbali angedhani kila mmoja anamvutia mnyama kwake, kama wawindaji walivyozoea tangu dunia iumbwe. Kumbe kila mmoja alikuwa akimsukumia mwenzake.

Korbinian, fundi bomba mwenye mwili wa kabati, alikuwa ameshatimiza yote yapasayo. Alimlaza mnyama ubavu wa kulia, akamtia kinywani kijiti cha msonobari kiwe tonge lake la mwisho. Akavunja kijiti cha pili, akakichovya jerahani, akakiweka juu ya kofia yake na kuinyoosha mbele kama sahani. Hicho ni cha aliyeua. Hukabidhiwa na mwenzake, akakichomeka kofiani, na akipita kijijini hakuna haja ya kumuuliza siku ilikwendaje. Kukipokea bila kukistahili ni wizi. Kukikataa wakati unakistahili ni tusi. Desturi hutaka pia watu wakae kimya kidogo kando ya mnyama kabla ya kisu, lakini kimya walikuwa wamekisahau.

Wendelin alijua hakistahili. Mwaka wa pili huu, dunia aliiona pembezoni tu. Katikati, pale penye kitu anachokitazama, palikuwa na doa la ukungu. Akimtazama mkewe Kreszenz aliona masikio na nywele, uso hakuna. Daktari alimwambia doa halitaondoka. Mkewe alimwambia aachane na bunduki. Wote wawili aliwaitikia vizuri, kisha kwa Korbinian akafunga mdomo, maana hakuna mwindaji mwenye akili anayepanda ngazi kukaa kichanja kimoja cha kuvizia na mtu asiyeona anakolenga. Kutoua tena angevumilia. Kilichomnyima usingizi ni kuzikosa Jumamosi: kahawa ya chupa, mkate na figili, na bega la Korbinian likimbana kwenye ubao mpaka kuche, bila hata mmoja wao kulazimika kusema neno.

Basi alijitungia hila. Asubuhi hii alimsubiri mwenzake apige, na papo hapo akafyatua ya kwake kwenye tuta la udongo mbele ya kichanja. Milio miwili ikawa mmoja. Alijiona mjanja kuliko sungura. Alitegemea Korbinian angedai windo lake, yeye angempongeza, na siku ingepita. Hakutegemea kuletewa kijiti.

Alikitazama, yaani alitazama kando yake kidogo ili akione, na ndipo wazo lilipomwingia kama maji ya baridi kwenye buti. Jikoni kwake, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na kijiti kikavu cha mwaka jana. Kila mgeni aliyekuja kunywa bia alisimuliwa habari zake, na kila msimulio ulimwongezea kulungu yule pembe.

"Na yule wa mwaka jana?" aliuliza.

Korbinian alichunguza ncha ya kiatu chake.

"Korbinian, nakuuliza."

"Wa mwaka jana ameshaliwa, mzee. Tusimfukue."

Upepo ulipita juu ya misonobari, huko chini usifike. Wendelin alikaa kwenye kisiki, akatoa risasi zilizobaki moja moja, akazitia mfukoni.

"Mimi sioni," alisema.

"Najua."

"Umejua na leo pia."

"Udongo uliruka kama fuko kafukuzwa. Ukirudia upuuzi ule nakutupa chini kwa mikono yangu, haki ya Mungu, na Kreszenz nitamweleza mwenyewe."

Wendelin alicheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema basi, yeye na kichanja wameagana leo, na bunduki ataisalimisha kwa wenye mamlaka. Akaongeza kwamba ile huruma ya kumvika mtu vijiti Korbinian akawape paka wake. Yeye bado hajafika pa kupewa windo kama mgonjwa anavyopewa uji.

Korbinian alikichukua kijiti, akakichomeka kwenye kofia yake mwenyewe, akaivaa. Alipiga goti, akachomoa kisu, akakaa nacho bila kukitumia. Mgongo wake mpana ulimwelekea Wendelin, na shingo ilikuwa imepanda wekundu mpaka masikioni, hilo Wendelin aliliona vizuri kwa sababu alikuwa akitazama mti wa pembeni.

"Huruma gani," Korbinian alisema hatimaye. "Jumamosi uje."

"Nije kufanya nini? Kuhesabu kunguru?"

"Lala. Koroma. Bunduki iache nyumbani." Alifuta kisu kwenye nyasi, nacho kilikuwa safi. "Mimi msitu wa giza siuwezi peke yangu, Wendelin. Tangu utotoni. Usimwambie mtu. Njoo tu, ukae upande wa ngazi."