Umeferi

Séverine alikwisha kufeli mtihani wa programu. Akifeli na wa marudio, chuo kitamwondoa, arudi kwao Litapunga, makazi ya Warundi waliopewa uraia, kupalilia tumbaku.

Scolastica, msaidizi wa maabara ya kompyuta pale chuoni Kashaulili, ndiye aliyeachiwa wanafunzi wanaosuasua. Akampa kazi ndogo: mashine ipokee alama, zikifika hamsini iandike umefaulu, la sivyo iandike umefeli. Séverine akaipanga kwenye karatasi, hatua zote zimenyooka. Akaichapa. Mashine ikakataa.

"Inanichukia, dada Scora. Hata mashine."

Scolastica akainamia kioo. Penye neno else, ndiyo "la sivyo" ya mashine, binti alikuwa ameandika erse. Mwalimu Danford huwatajia amri kwa mdomo, nao huandika walichosikia. Na sikio lililolelewa kwa Kirundi husikia r.

"Shida yako si akili," Scolastica alisema. "Tamka upendavyo. Ila amri ziandike kwa jicho, si kwa sikio."

"Na maneno yangu, yare ya majibu, ndani ya arama za kunukuu?"

"Hayo mashine haiyajali. Inayatoa ulivyoyaweka."

Siku ya marudio swali likawa la alama vilevile. Programu ya Séverine ikaenda bila kukwama. Danford akaja kusimama nyuma yake.

"Isome kwa sauti."

Alipofika kwenye else akatamka erse; darasa likacheka. "Mwalimu, tuletewe mkalimani," mmoja alisema.

"Asiyeweza kutamka amri ataiandikaje?" Danford aliuliza. "Nani kakuandikia? Scolastica?"

Scolastica, aliyekuwa akiangalia mashine, akasogea, akachapa arobaini. Kioo kikatoa: Umeferi.

"Ningemwandikia mimi, mwalimu, ingetoka hivyo?"

Danford akakisoma kioo. Kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Haya, kaandika mwenyewe. Ila programu isiyojua Kiswahili naipaje alama za kufaulu? Nyie Warundi mna kazi."

"Mimi Mtanzania, mwarimu."

Darasa likacheka tena, kuliko mwanzo. Danford akamwandikia thelathini, akaenda kwa mwingine.

Séverine hakulia. Alivuta kibodi, akachapa alama aliyopewa. Mashine, iliyoelewa kila amri yake, ikamjibu papo hapo kwa lafudhi ya kwao: Umeferi.