Kumkondesha Senyora

Kila asubuhi, hata kahawa hajanywa, Rosenda aliingia bandani akamkandamiza Senyora mgongoni kwa viganja viwili. Nguruwe jike anayetaka dume ukimkandamiza hivyo husimama tuli, masikio juu. Asiyetaka huondoka zake na kukubana ukutani. Mara mbili Senyora alikuwa amepandwa, na mara mbili, wiki ya tatu ilipofika, alisimama tuli. Maana yake tumboni hamna kitu. Maana yake kazi bure.

Na Senyora mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa wifi yake, Teodora, dada wa marehemu mumewe, mwenye duka kule chini barabarani. Huku kwetu Batangas, Ufilipino, asiye na nguruwe hulea wa mwenzake: mwenye mali anatoa jike, mlezi anatoa jasho, watoto wakizaliwa wanagawana. Wasipozaliwa, mlezi anabaki na harufu. Rosenda alikuwa amelea nguruwe wa watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na safari hii alitaka kitu kimoja tu katika mgao wake: mtoto jike mmoja, amkuze, awe wake mwenyewe, asije mtu kumsimamia mlangoni. Teodora naye alishasema neno lake. Senyora akirudi kutaka dume mara nyingine, anakwenda kwa mchinjaji.

Hilarion, mzee mwenye dume, alipita na Kapitan wake akimwongoza kwa kamba, kama anavyopita nyumba hadi nyumba. Malipo yake ni mtoto mmoja wa nguruwe, wakizaliwa. Siku hiyo hata kamba hakufungua.

“Dada Rosenda, huyu ni mnyama au godoro?”

“Usinitanie, kaka. Nimechoka.”

“Sikutanii. Mnene mno, ndiyo maana mimba haikai. Mimi na Kapitan hatufanyi kazi ya bure kila siku. Mkondeshe kwanza. Pumba kidogo na majani ya viazi, basi. Akishapungua, siku chache kabla hatujaja mwongezee, apate nguvu. Akishapandwa, mpunguzie tena.”

“Na makombo ya majirani?”

“Makombo ng’o!”

Loo, ni rahisi kusema. Kijijini kwetu ndoo ya makombo si ndoo, ni undugu. Nyumba sita zilimwekea Rosenda maji ya mchele, wali uliolala na vichwa vya samaki, na nguruwe yeyote wa banda lile akichinjwa, kila nyumba iliyotoa ndoo hupelekewa nyama yake. Kukataa ndoo ya mtu ni kumwambia asitegemee kitu kwako.

Alijaribu kwa Basilia, jirani wa ukuta kwa ukuta. “Basilia, tuyaache makombo kwa muda. Senyora anapunguza mwili.”

“Nguruwe anapunguza mwili!” Basilia alipiga makofi. “Anakwenda kushindania urembo? Sema tu makombo yangu yanakunukia siku hizi.”

Akamnunia juma zima. Rosenda hakuwa na nguvu za kugombana na nyumba sita, kwa hiyo akafanya wanachofanya watu waliochoka, akashika njia ya mkato. Alipokea ndoo kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kumwaga yote katika shimo nyuma ya migomba. Kosa lenyewe ndilo hilo. Mimi ningemwambia, lakini hakuniuliza.

Senyora alipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wakamjibu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Rosenda alijiambia, akajitia pamba masikioni. Mnyama akapungua, na mlezi naye akapungua, maana kusikiliza njaa ya mwingine kutwa nzima kunamla mtu. Kisha akamwongezea pumba, Kapitan akaja, kazi ikafanyika. Wiki ya tatu ilipowadia aliweka viganja mgongoni. Senyora akaguna, akaondoka zake, akambana ukutani. Rosenda alicheka peke yake, kinyesi mpaka begani.

Asubuhi hiyohiyo kuku wa Basilia wakalifukua shimo. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kinasema: Rosenda anamwaga chakula, anamtesa nguruwe wa wifi yake kwa njaa. Na kwa desturi yetu, mlezi anayemnyima mnyama chakula hana mgao. Teodora akapanda kutoka dukani na mchinjaji na kamba, na watu nyuma yao kama wanakwenda ngomani.

“Wifi, ana mimba,” Rosenda alisema.

“Mimba ya upepo? Nilikuletea nguruwe wa kujaa banda zima, mtazame sasa!”

“Unene ndio uliokuwa unamzuia. Nimemkandamiza leo, hakusimama.”

“Kwa njaa hiyo atasimamaje? Na shimo je? Mtu mwenye nia njema anachimba shimo?”

Rosenda aliwatazama majirani. Angeeleza vipi kuhusu ndoo sita, wenye ndoo wote wamemsimamia mbele? Mchinjaji akaanza kufunga kamba.

“Ngojeni!” Hilarion alikuwa anakuja anahema, Kapitan mbele yake. “Mle tumboni mna mtoto wangu mmoja. Kabla hamjampeleka, tumuulize mwenyewe. Akimsimamia Kapitan, mchukueni. Simo tena.”

Teodora akakubali kwa kidevu. Kamba ikafunguliwa, Kapitan akaingia kwa maringo yake yote, akamnusa Senyora ubavuni. Mayowe yaliyotoka hapo! Senyora alimng’ata sikio, akamtoa mbio bandani, akamfukuza mpaka kwenye nguo za Basilia zilizoanikwa.

“Jamani, kukataliwa gani huku!” watu walicheka wakashika mbavu.

“Hiyo mimba imekaa,” Hilarion alisema, naye anamkimbilia mwenzake.

Teodora alimwashiria mchinjaji aende zake. Alikohoa kidogo. “Haya, wifi, yaishe. Watoto wakija, utachagua wewe kwanza. Chukua jike unayemtaka, mimi nitafuata.”

Hilo halijapata kutokea huku, mlezi kuchagua mbele ya mwenye mali, na hata Basilia alipiga vigelegele. Lakini Rosenda alikaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa sauti, bila haya.

“Sasa unalia nini? Si nimekupa?”

“Nimeolewa kwenu nikiwa msichana,” Rosenda alisema. “Kaka yako nimemuuguza mimi, nikamfumba macho mimi. Leo nimekwambia neno moja, hukuniamini. Nguruwe amesema mara moja tu, ukamwamini.”

Watu wakaacha kucheka. Teodora akakaa naye pale matopeni na viatu vyake vya dukani.