Kufuli Mbili za Chumba cha Dawa

Mlango wa chumba cha dawa za kusafishia maji pale kwenye mtambo wa maji ulikuwa na kufuli mbili, na kila kufuli na mtu wake. Peke yako huingii, hata ukiwa mkurugenzi mwenye kitambi cha heshima. Ufunguo mmoja ulikaa kwa fundi wa zamu, wa pili kwa mlinzi, ambaye aliuvaa shingoni hata akioga, mpaka mkewe akaubatiza jina la mke mwenza.

Fundi wa zamu asubuhi hiyo alikuwa shemeji yake, kaka wa huyo mke. Alikuja akinyata kama mtu aliyebeba mayai, mfuko begani.

“Shem, nipe ufunguo wako nimalize chapchap. Wewe kanywe chai.”

“Tangu lini unanihurumia? Juzi chai yangu umekunywa wewe, kikombe nimeosha mimi!”

Shemeji hakucheka. Mlinzi naye tabasamu likamyeyuka. Siku hizi shemeji alikuwa ameshikamana na kikundi kinachohubiri kwamba mji umeoza na lazima utiwe adabu. Majuzi, wakiwa mezani, alisema, “Siku watu wa mji huu watakapoogopa bomba zao, watanyooka.” Wote walicheka, mlinzi kuliko wote. Sasa mlinzi akautazama ule mfuko.

“Tuingie wote, kama kawaida. Ila mfuko uache nje.”

“Huniamini?”

“Mimi nakuamini. Kufuli ndiyo haijui ushemeji.”

“Fungua, bwana!”

Mlinzi akaketi kwenye kiti chake mbele ya mlango, akanyoosha miguu kama aliye barazani kwake.

“Saa hizi dada yako anamwogesha mtoto. Unamjua mpwa wako yule, maji ya beseni anakunywa kuliko anavyooga. Haya, nifungue?”

Shemeji akautazama mlango. Akalitazama bomba la uani, linalodondosha matone. Akakaa chini sakafuni, akautua mfuko na kuusukuma mbali kwa mguu.

Mlinzi hakuugusa. Akainua simu ya ukutani, akamwita mkuu wa usalama.

“Unaniripoti mimi? Shemeji yako?”

“Nimeshakuripoti. Na jioni nikamwambie dada yako.” Akaupapasa ufunguo shingoni, akashusha pumzi. “Wewe utakuwa na polisi wa kukulinda. Mimi je?”