Shahidi wa Malka

...kwa fimbo, anataka niandike kwa fimbo, "aliwaswaga ng'ombe kwa fimbo mpaka ndani ya mahindi yangu," na kalamu yangu imesimama pale baada ya tarehe, haijasogea, naye hajui, kwa sababu Baba Zachary akiwa na jambo zito husema akiangalia dirishani, mdogo wake marehemu baba, mzee wa kanisa hapa Ngao, mtu aliyenilea tangu nina miaka minane, "Raheli, wewe ndiye msomi wetu, andika vizuri, chifu anataka barua ya shahidi kesho asubuhi, na shahidi ni wewe," ni kweli, shahidi ni mimi, nilikuwa nimeshuka mtoni kufua, nikaona kwa macho yangu, lakini fimbo sikuiona, nilimwona Abduba, mchunga ng'ombe wa Kiorma, ametupa shuka lake matopeni, anakimbia mbele ya ng'ombe akiwazuia kwa mikono mitupu, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na ng'ombe wa kiu ya siku mbili akishanusa maji huyo hana mwenyewe tena, wakapita hapohapo wanapopita kila kiangazi, kwenye malka, njia ya mifugo ya kuteremkia mtoni, ile ambayo babu alituambia tusiilime hata njaa iwe vipi, na mwaka huu Baba Zachary ameilima, mistari kumi na minne ya mahindi katikati ya njia, nami nilipokuja likizo kutoka chuoni niliishika mbegu nikaipanda, nikijua, nikanyamaza...

"Umefika wapi?" "Bado niko mwanzo, baba." "Fanya upesi, vijana wanangoja," nawasikia, wako nje ukutani, mmoja ananoa panga juu ya jiwe, taratibu, kama mtu asiye na haraka, wanataka nisome barua ili wapate la kusimamia, na wakishalipata najua wataelekea wapi, nyumba za kina Abduba haziko mbali, ni nyasi tupu, kiberiti kimoja kinatosha... nilikuwa na miaka minane, mwaka wa mapigano yetu wakulima na Waorma, tulipolala darasani siku tisa, watoto kichwa kwa miguu, mama akituziba midomo tusikohoe, na baba akasema anarudi mara moja kuchukua mkeka, basi, mkeka hatukuuona wala yeye, "na uandike kwamba hawa si wageni kwetu, kwamba damu ya baba yako wewe mwenyewe..." hapana, Baba Zachary, hapo usiniguse, kalamu usiichovye katika damu ya baba yangu.

Watu hapa wanadhani mwaka ule wa mafunzo ya huduma chuoni nilikuwa najifunza kuhubiri, wananicheka kidogo, wananiita pasta, laiti wangeniona wiki ya kwanza, Baya, kiongozi wetu, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya chini, aliniambia niwaombee wenzangu sita tu, nikasimama, nikafumba macho, nikasema "Amina" nikaketi, sala nzima ikawa neno hilo moja, na wote sita wakaitikia, sijui walimwitikia nani... halafu bweni, kugonga milango na kuwaeleza watu habari za Yesu, mlango wa kwanza akafungua msichana wa Kiorma, Abdia, akanitazama karatasi zangu zinavyotetemeka mkononi, akasema, "Mimi Muislamu, dada, na sihami, lakini ingia unywe chai, utaanguka," nikaingia, nikanywa, nikamwambia yote niliyoyaamini bila kuficha hata moja, naye akaniambia yake, tukabaki kila mtu na lake na birika likaisha, nilipougua malaria ni yeye aliyenipikia uji siku nne, na Abduba ni kaka yake, tumbo moja, hilo Baba Zachary hajui, wala hahitaji kulijua, kwa sababu hata kama Abduba angekuwa mtu nisiyemjua jina, fimbo ingekuwa haipo vilevile.

"...kwa makusudi, andika kwa makusudi," makusudi, hilo neno nalijua, mimi nilifanya kwa makusudi, mwezi wa tano, kwenye fomu ya ripoti, niliandika kwamba watu kumi na wawili wameamua kumfuata Yesu kupitia kwangu, na walikuwa wawili, wawili tu, kumi niliwazaa kwa kalamu ili nisionekane mzembe, Baya akairudisha fomu mezani, hakupandisha sauti, "Raheli, hawa kumi wanakaa bweni gani, tukawasalimie?" nikalia, nikasema nitairekebisha, akasema, "Fomu ni karatasi, kawaambie wenzako," nikataka kupanda gari la Garsen nirudi nyumbani siku hiyohiyo, nilifunga hata begi... lakini nilienda, nikasimama mbele ya wale sita, nikasema nimemdanganyia Mungu, na baada ya kusema dari haikuanguka, nilishangaa, niliitazama kabisa, na usiku... hapana, palepale, kabla sijaketi, nikaomba kwa sauti, maneno yakaja mengi mpaka mtu akakohoa, tangu siku hiyo nimesimama mbele ya mia mbili ukumbini sikutetemeka, na sasa chumbani, mbele ya mzee mmoja na karatasi moja, nimekwama kwenye tarehe.

Kwa sababu mia mbili hawakunilea, wakinichukia ningerudi nyumbani, na huku ndiko nyumbani, nitarudi wapi nikitoka huku, "Mungu amekupa elimu uwatetee wako," anasema, na anaamini, hilo ndilo baya, mtu huyu alinibeba mgongoni kuvuka mafuriko, nampenda, na ni mwongo leo, yote mawili, Bwana, na sitachagua moja ili mkono wangu upate kupumzika, nitaandika malka, nitaandika mistari kumi na minne, na kwamba niliipanda mimi pamoja naye nikijua, nitaandika shuka matopeni na mikono mitupu, na wale wa nje nitawasomea mimi mwenyewe kabla ya chifu, nikisimama mlangoni, waniite msaliti, waniite mke wa Waorma, wamesema mabaya kuliko hayo kwa waliokuwa bora kuliko mimi, na akinifukuza nitalala kwa yeyote atakayenifungulia, lakini kumi na wawili sitaandika tena maishani mwangu, wala fimbo, hata moja, hata nyembamba kama kalamu hii...

"Kwa fimbo," anarudia, panga linanolewa, jasho limeilowesha kona ya karatasi, mstari bado ni mtupu, "umeandika?"

"Hapana, baba."