Shanta la Pili

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: akiahidiwa, anaamini. Miaka mitatu yeye na mdogo wake, ambaye nyumbani hadi leo anaitwa Kitinda ingawa ni muuguzi mwenye mume, walipanga kutembea kipande cha katikati cha ile njia ndefu ya milimani. Siku nane kwa miguu, kutoka barabara moja hadi nyingine, kila kitu mgongoni. Mwaka wa kwanza Kitinda alikosa likizo. Mwaka wa pili akaolewa. Haya, ndoa ni heri, nani atanuna?

Mwaka huu ndio ulikuwa wenyewe. Daktari alilibonyeza goti la kulia la fundi akamwambia bila kumung'unya maneno, "Mama, kama una mlima wa kupanda, panda sasa. La mwakani mimi siahidi." Basi fundi akajipanga hasa. Mtu anayeshona maturubai ya malori kutwa hashindwi na shanta. Akashona mawili, la Kitinda na la kwake. Chakula alikifunga mafungu ya siku nane, akayapima moja moja kwenye mizani ya jikoni. Mswaki wake aliukata mpini kupunguza uzito, ndiyo, mswaki! Na kila kijito cha njiani alikiandika daftarini, baada ya kumsumbua askari wa hifadhi kwa simu hadi yule kijana akawa anapokea kwa kusema, "Shikamoo, mama maji." Jioni alipanda na kushuka ngazi za jengo lao na ndoo ya mchanga mkononi, majirani wakimcheka. Chekeni tu, alisema moyoni, mtaniona.

Wiki mbili kabla ya safari, Kitinda akaja kibandani kwake. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Akasifia mishono, akasifia vifungo, akasifia hata ufagio. Halafu akaligusa shanta la pili.

"Dada, hili liongeze mgongo. Kama sentimita sita hivi. Na mkanda wa kiuno uurefushe."

"Hilo langu."

"Najua, lakini... liwe na nafasi."

Fundi akavuta tepu kwa mazoea. Kiuno kiwe ngapi? Kitinda akataja namba. Mkono wa fundi ukasimama hapo hapo. Wengine hukumbuka sura. Yeye hukumbuka vipimo, na vipimo hivyo alivishika mwenyewe alipomshonea bwana harusi suti, ile aliyoitoa zawadi.

"Hiki ni kiuno cha shemeji," akasema.

Kitinda akatazama sakafu. Kibali cha kipande kile ni cha watu wawili, wala si zaidi, na majina yalishafungwa wiki iliyopita. Yeye ndiye aliyeyapeleka ofisini, lake na la mumewe.

"Nisikilize, dada. Ndoa yangu inayumba. Siku nane peke yetu huenda zikatuponya. Na goti lako... tulikuonea huruma."

"Tuli? Mlikaa kikao cha goti langu, mimi mwenye goti sikualikwa?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kwa nini nisikatae?"

Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka. Mtoto aliyembeba yeye mgongoni wakati mama yao yuko kazini, aliyemlipia chuo kwa maturubai haya haya! Wahenga hawakukosea, asante ya punda ni mateke. Lakini alishashika kifumulio. Mshono usiomkaa mtu vizuri humchuna ngozi siku ya kwanza tu, na hilo mikono yake haikuweza kulifanya, hata kwa yule mwanamume. Akafumua, akaongeza sita, akaanza kushona. Cherehani ikanguruma.

"Na daftari, dada?" Kitinda akauliza taratibu.

Hapo shetani akamkalia fundi begani. Kijito cha siku ya tano kilikuwa kimekauka. Askari alimwambia jana tu, na alikuwa hajakifuta. Angenyamaza, wangefika pale midomo imepasuka, ndipo wangejua safari ile ilikuwa ya nani. Alinyamaza akishona upande wote wa kushoto wa mkanda. Alinyamaza nusu ya ule wa kulia. Kisha akakata uzi, akachukua kalamu.

"Siku ya nne jazeni kila chombo. Siku ya tano hakuna maji. Umesikia? Hakuna. Rudia."

Kitinda akarudia. Machozi yakamtoka, akamrukia shingoni. "Ndiyo maana nakupenda, dada yangu. Wewe huna kinyongo."

"Ninacho," fundi akasema, akiitoa ile mikono shingoni mwake. "Kimenijaa hadi hapa. Beba hilo shanta umpelekee mumeo. Na mkirudi, usije ukanisimulia."